Mwezi wa Manda si mkubwa vile, upime mwenyewe

Ukikaa ufukoni Lamu usiku wa mwezi kumi na nne, ukauona unachomoza nyuma ya mikoko ya kisiwa cha Manda, utaapa ni mkubwa kama sinia. Halafu saa nne uko juu, umekuwa mdogo tu. Wengi watakwambia ati ni mvuke wa bahari unaukuza, lakini wapi, hewa inaubadilisha rangi na kuubonyeza kidogo, kuukuza haiukuzi. Ni akili yako hiyo.

Hebu chukua karatasi ngumu, itoboe kwa ile mashine ya kutobolea faili, tundu lake huwa kama milimita 6. Wakati wa magharibi, mwezi ukishatoka, nyoosha mkono wote, funga jicho moja, chungulia. Mwezi mzima unakaribia kulingana na tundu! Maana unachukua kama nusu digrii tu ya anga, hata ukucha wa kidole cha mwisho unaufunika. Karatasi usitupe sasa, kula mishkaki yako, piga stori, saa nne rudia, mkono unyooke vilevile. Utakuta ni uleule. Tena kwa hesabu ule wa utosini ndio unaozidi kidogo, kwa sababu ukiwa pale chini uko mbali nawe zaidi kwa karibu kilomita 6,400, ila kwa jicho huwezi kujua.

Kuna na ya kuchekesha, upe mwezi mgongo, inama, uangalie katikati ya miguu. Wengi wanauona umesinyaa hapohapo (mwenye kikoi atafute pembe isiyo na watu).

Kwa nini sasa? Mwanasayansi Ibn al-Haytham wa Basra, miaka kama 1,000 iliyopita, alisema ukiona miti na ardhi katikati akili inahesabu kwamba mwezi uko mbali, kwa hivyo inaukuza. Mimi nampa haki yake lakini sio yote, maana uliza watu, wengi watasema ule mkubwa ndio uko karibu, na Malindi unatoka bahari tupu, hakuna mti wala nini, na bado ni mkubwa. Wataalamu mpaka leo wanabishana.

Na ukishapima yote hayo, ondoa karatasi, utauona mkubwa vilevile, akili haisikii.

Jua usilijaribu hivi hata likiwa linazama, utaharibu macho.