Namna ya Kupima Kina cha Urafiki wa Urusi na Madola Mengine Makubwa

Anayefuatilia sera ya nje ya Urusi huzongwa na hotuba, picha za viongozi wakipeana mikono na maneno mazito kuhusu ubia wa kimkakati. Hayo yasikule muda. Anza na nyaraka zilizotiwa saini, na swali la kwanza liwe kama ulicho nacho mkononi ni tamko au ni mkataba, kwani tamko hueleza nia ya siku ile, ilhali mkataba huridhiwa na kuzifunga pande zote mbili. Tamko la pamoja ambalo Vladimir Putin na Xi Jinping walilitoa Beijing tarehe 4 Februari 2022, likieleza kwamba urafiki wa nchi zao hauna mipaka, lilinukuliwa dunia nzima, lakini halikuwa na kifungu chochote kinachoilazimu China kuingia vitani upande wa Urusi. Siku 20 baadaye majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine, na China haikupeleka jeshi lake.

Ukishapata mkataba, usiusome kuanzia dibaji, ambayo aghalabu ni pambo. Tafuta moja kwa moja ibara inayosema kitakachofanyika upande mmoja ukishambuliwa, kisha uilinganishe na ibara kama hiyo katika mikataba mingine ya Moscow. Mkataba wa ujirani mwema kati ya Urusi na China wa mwaka 2001, ambao mwaka 2021 viongozi hao wawili walitangaza kuurefusha kwa miaka mitano, unasema katika ibara ya 9 kwamba pande mbili zitawasiliana na kushauriana mara moja pale mmoja wao anapokabiliwa na tishio la uchokozi. Kushauriana tu. Ule uliotiwa saini Pyongyang tarehe 19 Juni 2024 unakwenda mbali zaidi, kwa kuwa ibara yake ya 4 inazitaka Urusi na Korea Kaskazini kupeana msaada wa kijeshi bila kuchelewa endapo mmoja atavamiwa, na askari wa Korea Kaskazini walipigana kweli katika mkoa wa Kursk, ndani ya Urusi. Mkataba na Iran wa tarehe 17 Januari 2025 uko katikati, maana unaahidi tu kwamba hakuna atakayemsaidia mchokozi wa mwenzake. Israeli na kisha Marekani zilipoishambulia Iran mwezi Juni mwaka huohuo, Urusi ililaani, ikaishia hapo. Walioshangaa nadhani hawakuwa wameisoma ibara hiyo.

Kutoka kwenye mikataba nenda kwenye kura za Umoja wa Mataifa, ukikumbuka kwamba kutopiga kura nako ni msimamo. Tarehe 25 Februari 2022, Urusi ilipotumia kura ya turufu kuzuia azimio la Baraza la Usalama la kulaani uvamizi wake, China haikuipinga rasimu hiyo pamoja nayo, bali ilijizuia kupiga kura, sawa na India na Falme za Kiarabu. Kenya, iliyokuwa mjumbe wa Baraza wakati huo, iliunga mkono azimio. Katika Baraza Kuu tarehe 2 Machi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilisimama pamoja na Kenya, na Tanzania, Uganda na Burundi zikajizuia.

Biashara ya gesi nayo isomwe kama diplomasia. Mkataba wa bomba la kwanza kutoka Siberia kwenda China, wa mita za ujazo bilioni 38 kwa mwaka kwa miaka 30, ulikamilishwa Mei 2014, miezi miwili tu baada ya Urusi kuitwaa rasi ya Crimea kutoka Ukraine na kuwekewa vikwazo na nchi za Magharibi. Muuzaji mwenye haraka hana nafasi nzuri ya kupanga bei. Kwa hiyo kila unaposikia habari za bomba la pili, litakalopita Mongolia, uliza kwanza kama bei imekubaliwa.

Kwa upande wa Marekani, zana yako iwe tarehe na vitenzi. Katika rasimu za mikataba ya usalama ambazo Urusi ilizichapisha tarehe 17 Desemba 2021, iliitaka NATO irudishe majeshi yake mahali yalipokuwa tarehe 27 Mei 1997, siku ambayo pande hizo zilitia saini makubaliano ya uhusiano wao jijini Paris, kabla Poland, Hungary na Jamhuri ya Czech hazijaingia katika jumuiya hiyo. Na Putin alipoutaja mkataba wa New START tarehe 21 Februari 2023, ule wa Urusi na Marekani uliokuwa ukiweka ukomo wa vichwa 1,550 vya nyuklia vilivyowekwa tayari kwa kila upande, alisema Urusi inasimamisha ushiriki wake, hakusema inajitoa. Kwa kauli hiyo wakaguzi wa Marekani waliendelea kufungiwa mlango, huku Moscow ikiahidi kuendelea kuheshimu ukomo wenyewe hadi mwisho wa muda wa mkataba, yaani tarehe 5 Februari 2026.