Umekabidhiwa idara mpya? Kagua kabla ya kuhutubia

Usiitishe kikao siku ya kwanza. Nehemia, yule wa Biblia aliyesimamia kujengwa upya kwa ukuta wa Yerusalemu, alipofika mjini humo alikaa siku 3 kimya, kisha akatoka usiku na watu wachache kwenda kukagua ukuta uliobomoka, bila kuwaambia wakuu alichokusudia (Nehemia 2:11-16). Alipofungua kinywa, alikuwa ameshajionea mwenyewe.

Nawe wiki ya kwanza keti na anayepokea simu, mtunza stoo, na yule anayejibu malalamiko ya wateja. Huyo wa mwisho ndiye anayejua mengi, na ni nadra kuulizwa. Uliza kazi inakwama wapi, andika, usiahidi chochote. Ahadi za mapema zimewaponza wakuu wengi wapya.

Siku ya kikao ikifika, sema "tatizo letu", si "tatizo lenu". Nehemia naye alijihesabu ndani ya aibu ya ukuta ule uliobomoka. Halafu gawa kazi kwa kuangalia inamgusa nani: katika sura ya 3, baadhi yao walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao. Anayeumizwa na ripoti kuchelewa ndiye umpe kurekebisha utaratibu wa ripoti. Ukuta ule ulikamilika kwa siku 52.