Gari ya maili chache hapa Uingereza, ikague hivi kabla hujatoa hela

Ndugu zangu mlioko Uingereza, hasa nyie mliofika juzi juzi na mmepata kazi ya shifti ya alfajiri basi hazijaanza kutembea, najua shida ya gari mnayo. Ila ukiona tangazo la gari ya 2014 ina maili 19,000 tu, yaani kama kilomita 30,000 na ushee, usikimbilie kutuma advansi.

Muombe muuzaji plate namba, ingia GOV.UK kwenye historia ya MOT, ni bure kabisa. MOT ndo ule ukaguzi wa kila mwaka, England gari inaanza kukaguliwa ikifika miaka 3, na kila ikikaguliwa maili zinaandikwa. Anza na mwaka wa mwanzo uje nao taratibu, maili zinatakiwa zipande tu, ukikuta mwaka mmoja 48,000 halafu unaofuata 17,000 na hazipandi tena kule juu, hiyo achana nayo. Soma na maonyo ya mkaguzi, mambo ya kutu na breki yanaandikwa humo humo.

Sasa hata maili zikiwa za kweli bado. Mimi nilinunua gari ya maili 18,000, haikuwa na uongo wowote, mwenyewe alikuwa mzee haendi mbali, imekaa nje ya nyumba miaka. Miezi miwili tu nikabadilisha tairi zote nne, betri, diski za breki zilizoshika kutu na mkanda wa timing, maana mkanda unahesabiwa kwa miaka pia siyo maili peke yake. Pauni zaidi ya 900 zilinitoka, na zilikuwa hela za kutuma nyumbani, iliniuma sana.

Kwa hiyo inama uangalie tairi. Pembeni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Zikiwa na nyufa hata kama kashata bado nene, hesabu hela ya mpya kwenye bei. Na gari ya 2016 inayodai maili 12,000 ukikuta tairi zote ni za 2023 uliza kwa nini, zile za mwanzo ziliishaje? Angalia na raba ya pedeli, usukani, kiti cha dereva, vikiwa vimelika sana havifanani na maili chache.

Mwambie asiiwashe kabla hujafika, ukifika gusa boneti, iwe baridi. Iwashe mwenyewe, moshi wa bluu ni oili inaungua. Dizeli ya safari fupi fupi mimi siishauri kabisa, chujio la masizi linaziba na kulitengeneza ni ghali.

Namba ya chesisi ifanane na ya kwenye V5C, yaani karatasi ya usajili wa gari, na hiyo V5C haithibitishi umiliki, kwa hiyo lipia ukaguzi wa deni na ajali uone kama ilishawahi kuandikwa S au N, yaani alama za gari ambayo bima iliikataa baada ya kuharibika. Kodi ya barabara ya mwenye gari wa zamani haihamii kwako, lipa yako na uwe na bima kabla hujaitoa hapo ilipo.