Kochi la paleti la barazani: ya kuangalia kabla hujashika msumeno

Pima baraza kwanza, ndipo ununue paleti, yaani yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo. Paleti ya kipimo cha Ulaya ina urefu wa sentimita 120, upana 80 na kimo 14.4. Mbili zikibebana zinafika 29 hivi, na mtu mzima hukaa vizuri kwenye sentimita 40 hadi 45. Sponji ya inchi 4 hubonyea ukiikalia, kwa hiyo panga miguu ya sentimita 8 chini. Upana wa 80 ni mkubwa mno kwa kukalia, lakini usiukate: utaondoa safu ya vitofali vya mbao vinavyobeba ukingo. Funga egemeo sentimita 60 kutoka mbele. Nyuma yake patabaki mahali pa kuweka kikombe.

Kagua muhuri. Tafuta alama ya suke la ngano na herufi IPPC (Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea), halafu soma herufi za matibabu. HT maana yake mbao ilipashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo chukua. MB ilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu, iache. Paleti yenye doa la mafuta au harufu ya dawa iache pia, hata ukipewa bure. Na usidanganyike kwamba mbao ya HT hailiwi na mchwa. Ule moto uliua wadudu waliokuwamo, haukuacha kinga yoyote.

Usibandue mbao kwa nyundo peke yake. Misumari ya paleti imesokotwa, inang'ang'ania, na ubao hupasuka nchani. Ingiza msumeno wa kukatia chuma kati ya ubao na kitofali, ukate misumari.

Unganisha kwa skrubu, kwani msumari hulegea mbao inapovimba na kunywea. Kwa ubao wa milimita 22, tumia skrubu ya inchi 2 na nusu iliyopakwa zinki. Karibu na bahari lipia zile zisizoshika kutu kabisa. Toboa kwanza kwa drili ya milimita 3, sentimita 3 kutoka ncha ya ubao.

Sasa miguu. Hapa ndipo makochi mengi yanapofia, tena polepole. Kochi linakamilika Januari, vanishi inang'aa, miguu imekanyaga saruji moja kwa moja. Masika inaingia. Sakafu inakauka, lakini chini ya mguu maji yanabaki kutwa nzima. Ncha ya mbao iliyokatwa ina vitundu vilevile vilivyopandisha maji mti ulipokuwa hai, na vinaendelea kunyonya. Maji yanapanda ndani, vanishi ya ubavuni inayazuia kutoka. Mwenye nyumba anaona weusi kwa chini, anapaka vanishi nyingine juu yake, anafungia unyevu. Mwingine anavalisha miguu makopo ya rangi ili isilowe. Mvua inaingilia juu, inakosa pa kutokea, na mguu unakaa ndani ya maji. Vuli inakuta skrubu ya chini imelika kwa kutu, mbao inabonyea kwa ukucha, na mchwa wameshajenga njia yao ya udongo kutoka kwenye ufa wa sakafu. Anakuja mtu, anakaa pembeni, mguu unasagika na kochi linalala upande naye yumo.

Kinga yake ni kazi ndogo, ila ifanywe kabla ya kuunganisha. Kausha miguu kivulini. Isimamishe kichwa chini, loweka ncha kwa praima ya mafuta (rangi ya kutangulizia) mara tatu, kila mara uiache inywe. Kisha funga kitako cha raba ya tairi nene ya sentimita 1, kiwe kidogo kuliko mguu kwa milimita 5 kila upande, ili maji yadondoke yasiingie katikati. Usichimbie miguu ardhini wala kuimwagia zege.

Msasa: namba 80, halafu 120. Kati ya ubao na ubao wa kukalia acha milimita 6 maji yapite. Oili chafu ya gari usipake mahali pa kukalia. Inachafua nguo na haifai kugusa ngozi. Ukipaka mbao mafuta ya kitani (linseed), vitambaa ulivyopakia vitandaze nje kimoja kimoja, maana vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

Sponji ingiza ndani kila jioni. Vaa viatu vigumu unapofanya kazi, okota kila msumari uliodondoka, funika pua unapopiga msasa. Watoto wasipande kabla watu wazima wawili hawajakaa kila pembe. Kaza skrubu upya baada ya mvua za kwanza, na kila Februari pindua kochi uangalie chini yake.