Umemuona mtu humuelewi nje ya fleti yako? Soma hii kabla hujapiga 911

Juzi hapa Kibokoni, Mombasa, nlikuwa nimekaa barazani baada ya alasiri na kahawa yangu, kapita kijana mmoja na begi mgongoni, karudi, kapita tena, macho juu kwenye madirisha ya watu. Mara ya tatu mzee wa nyumba ya pili kamwita, "We mwanangu, wamtafuta nani?" Kumbe atafuta nyumba ya fundi wa kofia, kaelekezwa kwa simu na maelezo yenyewe ni "mlango wa kijani", na huku kwetu milango ya kijani ni mingi kuliko paka. Katolewa mtoto wa kumpeleka, ishaisha hiyo.

Naandika hii kwa nyinyi mliotoka kwenye mabaraza kama haya mkaenda kukaa Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ghuba, manake huko hakuna mzee wa kumwita mtu akamuuliza, kuna simu na ile namba ya dharura ya tarakimu tatu, kwa Marekani 911, na wengi wetu tukifika twaambiwa tu ukiona kitu piga, hatuambiwi ukishapiga nini chafuata.

Mimi nlipiga. Ilikuwa Columbus, Ohio, baridi yangu ya pili. Kulikuwa na gari kuukuu laja kwenye paking ya fleti zetu kila usiku kama saa kumi kasorobo, taa zimezimwa, injini yaunguruma, ndani mtu mmoja kajifunika hudi la sweta mpaka puani. Siku ya kwanza nkapuuza, ya pili nkachungulia, ya tatu nkapiga. Opereta akaniuliza afanya nini, nkasema nadhani auza madawa. Wallahi sikuwa nimeona dawa wala mnunuzi, nlikuwa nimeona mtu kwenye gari. Akaniuliza ana silaha? Nkajibu "sijui, labda".

Hiyo labda ndo ilileta magari matatu. Mimi niko nyuma ya pazia, taa za buluu zazunguka kwenye dari langu, namuona jamaa katolewa, mikono juu ya paa la gari, na bakuli lake la chakula limeanguka likafunguka, wali mweupe kwenye theluji nyeupe, nlijua ni wali kwa ule moshi tu. Nkaenda kulala nikijiona raia mwema.

Wiki mbili baadaye kwenye walima wa mtu nmekaa sinia moja na Mtanga mmoja simjui, aeleza wenzake vile "kuna mbwa mmoja alinipigia polisi". Alikuwa amaliza kazi moja saa tisa usiku, ya pili yaanza saa kumi na moja kwenye ghala, na mwenzake wa kubebana naye akaa kwenye jengo letu, kwa hivo haoni haja ya kurudi kwake, alala kidogo garini akimngoja. Silaha hana, madawa hana. Lakini polisi wakishakusimamisha waangalia kila kitu, na leseni yake ilikuwa imesimamishwa kwa faini ya zamani hajalipa. Gari likavutwa, huko linakowekwa walipisha kwa siku, akakosa shifti, akapewa tarehe ya korti, kazi ya ghala ikaenda. Nlimeza lile tonge la biriani kama jiwe. Pakafanywa mchango pale pale nkatoa dola mia, watu wakanisifu nina moyo. Sikusema kitu. Mpaka leo hajui.

Sasa sisemi msipige polisi. Mtu avunja mlango, mtu ampiga mtu, mtu ana kisu mkononi na wewe wakiona, piga na usingoje kuniuliza mimi. Nasema ujue uzito wa maneno yako, kwa sababu yule polisi njiani hajamuona huyo mtu, amuona kwa maneno yako wewe, na maneno yenyewe yamepita kwa opereta kwanza, na njiani mengine hudondoka. Mwaka 2014 kule Cleveland, Ohio hiyo hiyo, mtu alipiga simu akasema kuna mtu ana bunduki kwenye bustani, na akasema kabisa kwamba huenda ni ya bandia na huyo huenda ni mtoto. Hayo mawili hayakuwafikia polisi waliotumwa. Walipofika, sekunde mbili hazikutimia, Tamir Rice akapigwa risasi, miaka 12, na bunduki ni ya kuchezea.

Na hata ukisema ukweli mtupu bado yaweza kuharibika. Agosti 2019, Aurora, Colorado, Elijah McClain, miaka 23, arudi kwao kutoka dukani na chai yake ya baridi, kavaa kitambaa cha uso, arusha rusha mikono, na masikioni ana muziki. Aliyepiga simu alimuona wa ajabu ajabu tu, na alipoulizwa kama kuna mtu hatarini akasema hapana, silaha hajaona. Polisi wakaja wakamkaba shingo, wahudumu wa ambulensi wakamdunga sindano ya ketamini, siku chache baadaye akafa. Ilichukua mpaka 2023 polisi mmoja na wahudumu wawili kupatikana na hatia. Yule aliyepiga sidhani alimtakia mtu kifo, alishuku tu, kama mimi nlivoshuku.

Kuna hili la watu wetu hasa, la mgonjwa wa akili. Sisi mtu akichanganyikiwa twawaita jamaa, twamkalia, twamsomea, na huko uko peke yako na ndugu yako kapandwa na mambo usiku, wapiga namba ya dharura ukitaraji daktari. Alfred Olango alikuwa mkimbizi wa Uganda, El Cajon, California. Septemba 2016 dada yake alipiga simu aombe msaada kwa sababu ndugu yake hakuwa sawa. Alikuja polisi, Olango katoa kitu mfukoni kakinyoosha, kapigwa risasi kafa, na kitu chenyewe kilikuwa kile kidude cha kuvuta mvuke. Kwa hivo ukiwa Marekani weka 988 kwenye simu, ni laini ya watu walio kwenye hali hiyo, imeanza 2022, na ikibidi upige 911 neno la kwanza kabisa liwe ni mgonjwa, hana silaha kama kweli hana, naomba mtu aliyefunzwa mambo ya akili.

Turudi kwa yule wa paking. Nifanyeje ningerudi nyuma? Kwanza ningejiuliza, nikitoa nguo zake na rangi yake na ule ugeni wake, abaki na kosa gani? Mtu kukaa garini si kosa. Pili kulikuwa na meneja wa fleti, kulikuwa na jirani wa chini ajua kila mtu, na kulikuwa na namba ya polisi isiyo ya dharura, ambayo karibu kila mji unayo na ambayo sisi hatuihifadhi. Uingereza ni 101 badala ya 999. Dubai 901 badala ya 999. Sweden 114 14 badala ya 112. Australia 131 444 badala ya 000. Marekani kila mji na yake, itafute leo uiweke, manake usiku ukishikwa na hofu hutaitafuta, utabonyeza ile unayoikumbuka.

Na ukipiga, sema unachokiona, usiseme unachokidhani. "Kuna mtu garini siku ya tatu, hajatoka, simjui." Basi. Ukiulizwa silaha na hujaona, jibu ni "sijaona silaha", hiyo labda iache nyumbani. Kiingereza kikikataa, sema tu "Swahili" wakutafutie mkalimani, sehemu nyingi wanao kwa simu, ni bora ungoje kidogo kuliko useme neno usilolijua uzito. Na hili watu hawalijui: waweza kupiga tena. Umeona jamaa katoa funguo kaingia kwake, piga, waambie nlikosea, huyu akaa hapa. Aibu yake ni ya dakika moja.

Wewe mwenyewe pia hutoki salama hivi hivi. Uingereza kuwapotezea polisi wakati kwa ripoti ya uongo ni kosa kwa sheria ya 1967, waweza kufungwa mpaka miezi sita. Oregon kwa sheria iliyopitishwa 2019, na New York na San Francisco tangu 2020, mtu uliyempigia polisi kwa chuki ya rangi yake aweza kukushtaki umlipe. Mtasema hizo zimewekewa wazungu, sawa, lakini mimi nmesikia Waswahili wenzangu wasemavyo juu ya vijana weusi wa huko, ati "hawa si kama sisi", na polisi akifika hana kipimo cha kujua nani wa Likoni na nani wa Chicago.

Mambo ya makaratasi ndo mabaya zaidi. Marekani mtu akishachukuliwa alama za vidole jela, alama zenda mpaka kwa watu wa uhamiaji, kwa hivo simu iliyoanza na "kuna mtu simuelewi" yaweza kuishia na mtu kwenye ndege kurudishwa, ameacha watoto shule.

Ghuba ni vivyo hivyo kwa njia nyingine, na huko ndiko walikojaa dada zetu wa Kisauni na Likoni. Ukiona msichana kakaa kwenye ngazi za jengo na mfuko wa plastiki, hana viatu vya maana, aogopa kila mlango ukifunguka, kuna uwezekano mkubwa amekimbia nyumba ya tajiri aliyemwajiri. Saudia tajiri akishamripoti aandikiwa huruub, yaani mtoro wa kazi, ukimwita polisi waweza kumshika yeye. Na ukimficha kwako, nalo kosa kwako, sitakudanganya. Msemeze kwanza, Kiswahili hicho hicho, mpe maji, mpe simu awapigie kwao, mtafutieni njia ya kufika ubalozini. Ila kama kaumizwa, hospitali kwanza, hapo usianze kupiga hesabu.

Halafu siku nyingine mgeni asiyeeleweka ni wewe. Ile hodi yetu ya kugonga mlango wowote ukauliza njia, ukifika huko iache. Aprili 2023 Kansas City kijana wa miaka 16 alienda kuwachukua wadogo zake, barabara mbili zafanana jina, akagonga nyumba siyo, mwenye nyumba akampiga risasi. Alipona, alhamdulillah. Umepotea usiku, rudi kwenye taa, piga simu kwa mwenyeji atoke nje yeye. Ukimngoja mtu garini washa taa ya ndani, shusha hilo hudi, na polisi akija mikono ikae juu ya usukani mpaka akwambie.

Na mkija likizo Disemba na hao watoto mliowazalia huko, wafundisheni mapema. Huku 999 na 112 zapo, lakini kwanza muulize soja wa geti, muulize mama wa mahamri, kuna mzee wa mtaa na nyumba kumi. Vijana wa Majengo washachoka kushukiwa kwa sura na kanzu, walio wakubwa waikumbuka Februari 2014 pale Masjid Musa walivyozolewa na polisi zaidi ya mia kwa siku moja. Kongowea sokoni ndo muwe macho zaidi, mtoto asimnyooshee mtu kidole akapiga ukelele wa mwizi kwa sababu kagongwa begani, huko hakuna opereta wa kuuliza una hakika, watu washafika na mawe.