Somo: Namna ya kujua fulani ni nani wako

Wiki hii nimeulizwa mara nne: "Mtoto wa binamu wa mama ni nani wangu?" Mara ya kwanza nilijibu kwa furaha, ya pili kwa adabu, ya tatu kwa neno moja. Ya nne ndiyo imezaa somo hili. Chukua karatasi na penseli. Si kalamu ya wino, utafuta tu.

Kabla ya yote, tenganisha mambo mawili. Maneno yetu ya ukoo hutaja njia: shangazi ni kwa baba, mjomba ni kwa mama, mama mkubwa si mama mdogo. Hesabu za daraja (binamu wa kwanza, wa pili, wa tatu) hutaja umbali, wala hazijali mmepitia kwa nani. Ugomvi mwingi ninaouona ni wa watu wawili, mmoja anasema njia na mwenzake anasema umbali, na wote wana haki.

Hatua ya 1. Andika jina lako chini kushoto, la mwenzako chini kulia.

Hatua ya 2. Panda mzazi kwa mzazi kila upande mpaka mistari ikutane. Pale pa kukutania napaita shina. Simama kwenye shina la kwanza. Mkishakutana kwa babu, baba yake babu hakuhusu.

Hatua ya 3. Hesabu ngazi kutoka kwako hadi kwenye shina, kisha kutoka kwa mwenzako.

Hapa ndipo nilipoaibika. Niliwahi kuchora ukoo mzima kwenye karatasi kubwa za manila nilizoziunganisha kwa gundi, nikazibandika ukutani siku ya mkutano wa familia. Usiku kucha nilikuwa nimehesabu hivi: mimi moja, baba mbili, babu tatu. Shangazi yangu akasogea, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye jina la mwanawe. Nilikuwa nimeandika "binamu wa pili". Akaniuliza, "Wa pili? Huyo wa kwanza nimemzaa lini?" Watu wakacheka mpaka chai ikapoa. Kila binamu kwenye karatasi ile alikuwa amesogezwa daraja moja mbele, kwa sababu nilijihesabu mwenyewe.

Wewe ni SIFURI. Mzazi ni 1, babu na bibi ni 2, wazazi wao ni 3. Unahesabu hatua za kupanda, huhesabu vichwa. Kipimo cha haraka: ifanyie kanuni ya hatua ya 4 dada yako wa tumbo moja. Jibu likiwa sifuri, uko sawa. Likisema dada yako ni binamu wa kwanza, umeanguka nilipoanguka mimi. Na usihesabu kwa umri! Nina mpwa aliyenizidi miaka sita. Ngazi hazijui tarehe za kuzaliwa.

Hatua ya 4. Chukua namba iliyo ndogo, toa moja. Hilo ndilo daraja. Kisha toa namba ndogo kwenye kubwa: hivyo ndivyo vizazi mlivyopishana. Wewe 2 na yeye 2, ni binamu wa kwanza. Wewe 3 na yeye 3, wa pili. Wewe 3 na yeye 2, huyo ni binamu wa kwanza kwa kupishana kizazi kimoja, yaani binamu wa mama yako au wa baba yako. Mwanawe ni binamu wako wa pili. (Swali la wiki limejibiwa. Lisirudi.)

Namba ndogo ikiwa 1, hakuna binamu hapo: mkiwa nayo wote wawili ni ndugu, vinginevyo mmoja wenu ni ndugu wa mzazi, babu au bibi wa mwenzake. Ikiwa 0, mmoja ametoka kwa mwingine moja kwa moja: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe.

Hatua ya 5. Angalia kama shina ni watu wawili au mmoja. Kama babu alizaa na wanawake wawili, na ninyi mmetoka kwa bibi tofauti, shina ni babu peke yake. Andika "nusu" pembeni. Usilisome kwa sauti mbele ya wazee.

Hatua ya 6. Rudisha njia. Chini ya daraja, andika mmepitia kwa nani. Mfano ninaoupenda: mwaka 1914 Uingereza ilikuwa na George V, Urusi ilikuwa na Nicholas II, Ujerumani ilikuwa na Wilhelm II. Kwa hesabu, George ni binamu wa kwanza wa wote wawili. Sasa weka njia. Mama yake George, Alexandra, na mama yake Nicholas, Dagmar, walikuwa mtu na mdogo wake, mabinti wa Christian IX wa Denmark. Kwa hiyo George ni mtoto wa mama mkubwa, na kwa Kiswahili Nicholas angemwita kaka, kama mtoto wa baba mkubwa. Tazama picha zao wakiwa wamesimama pamoja, ndevu zile zile, utadhani mapacha. Mama yake Wilhelm alikuwa dada wa baba yake George, basi Wilhelm ni mtoto wa shangazi, binamu hasa. Ukiandika daraja peke yake, tofauti hiyo inapotea.

MASWALI YA WANACHAMA

Kipanga: Sijasoma yote ila nataka kujua, mtoto wa binamu wa baba ni nani wangu?

Jibu: Hatua ya 4.

Kipanga: Lakini huyu ni wa upande wa baba, wewe umetaja mama.

Jibu: Hesabu haijali upande. Nimelisema kabla ya hatua ya kwanza, pale ulipopitia mbio.

Msema Kweli: Umekosea, mwalimu. Binamu ni neno la Kiarabu, maana yake mwana wa amu, yaani ndugu wa baba. Wewe unasema mtoto wa baba mkubwa ni kaka na binamu ni wa shangazi na mjomba. Umegeuza.

Jibu: Asili ya neno ni hiyo, sibishi. Ila maneno huhama. Nyumba nyingi ninazozijua, mtoto wa baba mkubwa ni kaka, na ukimwita binamu anaona umemsukuma mbali. Ukitumia neno kwa maana yake ya asili, sawa, nitaongeza mstari: "kwenu huenda ikawa tofauti." Lakini sijageuza kitu.

Mama Wawili: Swali la udadisi tu. Watu wawili wanaweza kuwa na undugu wa aina mbili kwa wakati mmoja? Nimechora, mistari imekutana mahali pawili.

Jibu: Karibu sana, hili ndilo swali nililolisubiri. Wanaweza, na hujakosea kuchora. Elizabeth II na mumewe Philip walikuwa hivyo. Kwa Malkia Victoria, kila mmoja yuko ngazi 4: binamu wa tatu. Kwa Christian IX yule yule wa hapo juu, Elizabeth yuko ngazi 4 na Philip ngazi 3: binamu wa pili kwa kupishana kizazi kimoja. Majibu yote mawili ni sahihi. Fanya hesabu mara mbili, andika zote, na chora kila njia kwa rangi yake. Kisha tuambie mistari yako imekutana kwa nani na nani, nitakusaidia kuihakiki.

Fundi Saa: Kwani haya yote ya nini? Si tuseme ndugu, yaishe.

Jibu: Sema. Hakuna aliyekukataza. Hili ni somo la wanaotaka kujua.

Nyuki: Nimepima DNA, majibu yanasema tunalingana 25% na mtu nisiyemjua. Ni ndugu wa baba mmoja?

Jibu: Huenda, ila usimpigie mtu simu bado. Karibu 25% inaweza kuwa ndugu wa mzazi mmoja, babu au bibi na mjukuu, shangazi au mjomba na mpwa, hata mabinamu wa kwanza wa pande mbili, yaani watoto wa ndugu wawili waliooa ndugu wawili. Binamu wa kwanza wa kawaida ni wastani wa 12.5%, wa pili kama 3%. Anza na umri: mkiwa rika moja, wa kuwa babu au bibi anatoka kwenye orodha. Kisha angalia mnaolingana nao kwa pamoja ni wa upande gani. Na binamu wa tatu wawili wanaweza wasilingane kabisa, wakabaki mabinamu.

Mama Wawili: Nami nichangie. Kwetu jina la babu limerudi kwa wajukuu watano. Nimewapa namba kwa mpangilio wa kuzaliwa, ukoo ukasomeka.

Jibu: Nimeiiba hiyo. Mimi nilikuwa naandika "mfupi" na "mrefu" mpaka yule mfupi akarefuka.

Kipanga: Samahani, nimesoma sasa. Ni binamu wa pili, sivyo? Mimi 3, yeye 3.

Jibu: Ndiyo. Na shina ni wawili au mmoja?

Kipanga: Ngoja nimuulize bibi.

Jibu: Muulize akiwa peke yake.