Namna ya Kutengeneza Nyuzi Nano za Kunasa Metali Nzito Majini

Wengi huanza kazi hii wakidhani kwamba wembamba wa uzi ndio unaosafisha maji. Sivyo: matundu ya utando unaofanyizwa na nyuzi hizi ni makubwa mno kuizuia ioni (chembe yenye chaji) ya risasi, mojawapo ya metali nzito, na kinachoinasa ni vikundi vya kikemia vilivyopandikizwa juu ya uzi, ambavyo wembamba huvipatia tu nafasi kubwa ya kukaa.

Yeyusha poliakrilonitrili, polima itakayokuwa uzi, katika kiyeyusho cha dimethilifomamaidi, kiasi cha asilimia 10 kwa uzito, ukikoroga kwa nyuzijoto 60 hadi madonge yaishe. Kiyeyusho hiki hupenya ngozi na kudhuru ini. Fanyia kazi ndani ya kabati la kunyonya hewa, ukivaa glavu za butili, kwa kuwa zile za nitrili hupenyeka upesi.

Jaza myeyusho katika bomba la sindano linalosukumwa na pampu kwa mililita 1 kwa saa, kisha weka karatasi ya alumini iliyounganishwa na ardhi umbali wa sentimita 15. Pandisha umeme wa sindano polepole kuelekea kilovolti 15, ukilitazama tone lililo mdomoni mwa sindano: litachongoka kama pia, na kutoka nchani utachomoka uzi usioonekana vizuri kwa macho. Hadubini ikionyesha shanga katikati ya nyuzi, mara nyingi myeyusho ni mwepesi. Ongeza polima kabla ya kuhangaika na volti. Usiiguse sindano kabla ya kuzima umeme.

Loweka utando wa nyuzi zilizotua kwenye karatasi katika myeyusho hafifu wa haidroksilamini kwa nyuzijoto 70 kwa saa kadhaa, ili vikundi vya nitrili vya polima vigeuke amidoksimu, ndivyo vikundi vinavyoinasa metali, kisha suuza vizuri. Haidroksilamini isiyozimuliwa inaweza kulipuka ikipashwa moto.

Jaribu kwa maji ya risasi yenye pH (kipimo cha uasidi) 5. Chini ya 3 haidrojeni hugombania nafasi na risasi. pH ikipanda mno, risasi hujitenga yenyewe kama mashapo, nawe utausifu utando bure. Tuseme gramu 0.05 za utando zimeshusha risasi kutoka miligramu 50 hadi 10 kwa lita, katika mililita 100 za maji: zimenasa miligramu 80 kwa kila gramu. Hesabu hiyo inapendeza, lakini maji bado yamezidi mara 1,000 kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha maji ya kunywa, mikrogramu 10 kwa lita, hivyo utando wa pili, pengine na wa tatu, utahitajika.

Utando uliojaa huoshwa kwa asidi hafifu ya haidrokloriki ili utumike tena. Asidi hiyo sasa ndiyo iliyobeba risasi yote; ihifadhi kama taka ya sumu, usiimwage kwenye sinki.